Mbuzi Watano wa Mjomba na Chui Mwenye Mwenyewe

Simu iliita kabla sijamaliza chai. Mjomba hakutoa salamu, naye ni mtu wa salamu ndefu. "Njoo," alisema. "Chui kaingia bandani." Nyuma yake nilisikia kelele za watu wengi, na sauti ya mwanamke ikirudia: Subhanallah, Subhanallah.

Mjomba anaishi kijiji kimoja cha Kusini Unguja, pale udongo unapokwisha na maweni yanapoanza. Ni ardhi ya matumbawe ya kale, mawe yenye ncha yanayokata kandambili, vichaka vya kimo cha mtu, na mashimo yaliyofichwa na mizizi. Kulima pale ni kutia mbegu kwenye vidimbwi vya udongo baina ya jiwe na jiwe. Ndiyo maana mbuzi ana thamani kubwa. Mbuzi watano ni mahari ya kijana, ni nauli ya kumpeleka mgonjwa mjini, ni paa la bati. Nilipofika, wote watano walikuwa wamelazwa chini ya mwembe, wamefunikwa majani ya mgomba. Mmoja alikuwa na mimba iliyokaribia siku zake.

Hukumu ilikuwa imeshapita kabla sijashuka kwenye daladala. Chui. Tena si chui wa msituni, ni chui wa kufugwa. Na mfugaji wake alikuwa ametajwa, kwa kunong'ona, kwa kuinua kidevu kuelekea njia ya pwani: mzee mmoja anayeishi peke yake nyumba ya mwisho, mjane wa miaka mingi, mvuvi wa madema, ile mitego ya samaki ya kusuka. Nitamwita Mzee, basi.

Mimi nasomesha bayolojia katika skuli ya sekondari. Mjomba aliniita kama mashahidi wanavyoitwa: nije niseme kwa kinywa cha skuli kile ambacho kijiji kilikuwa kimeshakijua. Nilikaa siku nne. Nimeandika kila nilichokiona, kwa sababu kila mwaka wanafunzi huniuliza kama chui wa Unguja bado yupo, nami kwa muda mrefu nililichukulia hilo kuwa ndilo swali lenyewe. Kisa cha mbuzi hawa kilinifundisha swali jingine. Kwa nini katika kisiwa hiki chui hawezi kuwa mnyama tu? Kwa nini lazima awe na mwenyewe?

Nilianza na mizoga. Chui anapoua mbuzi hana fujo. Hunyatia, hurukia, hung'ata koo au kisogo, na kubana mpaka pumzi ikatike. Kisha huondoka na kitoweo chake. Hukiburuta kichakani au hukipandisha mtini, mbali na wezi. Mbuzi wa mjomba walikuwa wameraruliwa mapaja ya nyuma. Masikio ya wawili yalikuwa vipande vipande. Mmoja mkia haukuwepo. Aliyeliwa alikuwa mmoja tu, tena kidogo, tumboni, na hakuna aliyeburutwa hata hatua kumi.

"Lakini hawa wawili wameng'atwa kooni," alisema kijana mmoja, mtoto wa jirani, na alikuwa na haki. Isitoshe, chui aliyefungiwa na mbuzi katika banda dogo anaweza kuua wengi kuliko anaowahitaji. Hilo limeonekana kwingi Afrika. Kwa hiyo hesabu ya maiti peke yake haikunipa jibu. Niliomba kisu, mjomba akakubali kwa shingo upande, tukamchuna mmoja wa wale wawili. Chini ya ngozi ndiko kunakosomeka. Tulikuta vidonda vingi vidogo visivyoingia ndani, damu imevilia kila mahali, shingoni, mabegani, miguuni. Mnyama yule aling'atwa, akaachwa, akakimbia, akang'atwa tena. Waliomuua walikuwa zaidi ya mmoja na hawakujua kuua.

Kisha banda. Uzio wa fito na waya ulikuwa mzima, lakini upande wa nyuma, chini, palikuwa na shimo limefukuliwa, udongo umerushwa nje. Chui angeruka juu ya uzio ule bila kuugusa. Na kwenye udongo ule laini palikuwa na nyayo, ndefu kuliko upana wake, zenye alama za kucha mbele ya kila kidole. Karibu paka wote, kuanzia huyu wa jikoni mpaka simba, hutembea kucha zimerudi ndani. Katika Afrika duma ndiye wa pekee anayekwenda kinyume, naye kwetu hajawahi kuwepo. Nyayo zile zilikuwa za mbwa. Nilihesabu angalau wawili, mmoja mkubwa mmoja mdogo.

Nilidhani nimemaliza. Niliwaita watu, nikawaonesha shimo, nikachora nyayo mbili mchangani kwa kijiti, ya mbwa na ya chui. Walitazama kwa adabu. Kisha mwanamke mmoja mtu mzima, shangazi yao wote pale mtaani, akasema kwa upole, kama anayemfahamisha mtoto: "Mwanangu, chui wa msituni ndiye mwenye nyayo hizo ulizochora. Wa kufugwa anavaa nyayo anazotaka mwenyewe."

Hapo nilikaa kitako. Huwezi kushindana na chui wa namna hiyo kwa kijiti na mchanga.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze imani yenyewe, na nitaieleza bila dharau maana nimekulia ndani yake. Inasemwa kuwa wapo watu Unguja, hasa vijiji vya kusini na mashariki, wanaofuga chui kwa siri. Huwarithi kwa wazee wao, huwalisha, huwatuma usiku kumtisha mtu waliyegombana naye au kumlia mifugo yake. Chui huyo hafungwi kamba. Anatii kwa dawa. Ukimwona njiani amekaa tu, hakukimbii wala hakurukii, ujue ametumwa. Mwenye chui hatajwi kwa jina mbele za watu, lakini kila mtu anamjua. Nilipokuwa mdogo, bibi alikuwa akituita ndani magharibi kwa maneno mawili tu: "Wanapita." Hakusema nani.

Imani hii ina akili yake. Mtu anayeishi ukingoni mwa maweni alikuwa na chui halisi wa kuogopa, na hilo mara nyingi tunalisahau tunapocheka. Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Zama za barafu kuu bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa kiasi cha mita 120, na mkondo unaotutenga na bara hauna kina hicho. Watu na wanyama walikuwa wakipita kwa miguu. Katika pango la Kuumbi, pale Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama ambao leo mtoto wa Jambiani huwaona kwenye vitabu tu. Maji yalipopanda, kiasi cha miaka elfu kumi hivi iliyopita, kisiwa kikabaki na wanyama waliokwama, na wengi wakaisha. Chui akabaki. Pemba yeye hakuwahi kubaki na chui wa kumsimulia, kwani mkondo wake una kina cha mamia ya mita na umeitenga tangu zamani sana.

Aliyebaki Unguja alibadilika. Akawa mdogo kuliko ndugu zake wa bara, na yale madoa yao ya duara yakavunjika kwake, yakawa madogo na mengi. Mwaka 1932 mtaalamu wa makumbusho ya London, Reginald Pocock, alimpa jina la kisayansi Panthera pardus adersi, kwa heshima ya Dakta Aders, aliyekuwa mtaalamu wa bayolojia wa serikali hapa Zanzibar. Paa nunga wetu naye anabeba jina la Aders huyo huyo, Cephalophus adersi, na pengine alikuwa chakula cha chui huyo. Siku hizi wataalamu wa chembe za urithi wanamhesabu pamoja na chui wote wa Afrika. Hilo halinisumbui. Alikuwa wa kwetu.

Kuna chui mmoja wa Unguja ambaye kila mtu anaweza kumwona, amejazwa pamba, katika makumbusho ya Mnazi Mmoja. Ngozi imefifia. Kila ninapowapeleka wanafunzi pale, mmoja wao hushangaa: "Mwalimu, mbona mdogo?" Wamekuja na chui wa hadithi kichwani, na huyo hawezi kuingia kwenye kioo kile.

Jioni ya siku ya kwanza tulikaa barazani kwa mjomba, wanaume wanane au tisa, na kahawa. Kijana yule aliyesema habari ya koo alitoa simu akanionesha video. Nilikuwa nimeshaiona. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani, kinachoongozwa na Forrest Galante, kilirusha picha za kamera ya mtego zilizosemekana kumnasa chui hai Unguja. Watu walishangilia, nami nilishangilia. Lakini picha moja ya sekunde chache, isiyofuatwa na nyingine, haikuwaridhisha wataalamu, na mpaka leo hakuna ushahidi wa pili uliokubalika. Kabla ya hapo, mwaka 2003, mtafiti Helle Goldman na mwenzake walitega kamera ndani ya msitu wa Jozani. Kamera hizo zilileta ajabu moja ya kweli: picha za kanu wa Unguja, mnyama ambaye hakuwahi kupigwa picha akiwa hai. Kanu! Mnyama mdogo, wa usiku, mwepesi kuliko moshi, alinaswa. Chui hakunaswa.

"Msitu mkubwa," alisema mmoja. "Unamjuaje aliyejificha?"

Hoja hii naiheshimu. Wavuvi wa Nungwi mwaka 2009 walimvua silikanti, samaki ambaye dunia nzima iliamini ameisha pamoja na madinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa hiyo mimi si mtu wa kusema haiwezekani. Lakini silikanti amejificha katika bahari ya mamia ya mita. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ina kilomita za mraba 50, na ndani yake kuna barabara, watalii, wakata kuni na wasasi. Chui mmoja dume peke yake anaweza kuhitaji eneo kama hilo. Na chui hakai miaka sitini. Porini akifika miaka kumi na mitano amezeeka. Hata miaka ya 1980 wasasi walikuwa wakieleza kuwa wameua chui, tukubali hivyo. Hao hawawezi kuwa hai leo. Anayedai yupo anadai kwamba yapo majike na madume ya kutosha kuzaana vizazi vitatu au vinne, wanaokula, wanaokunya njiani, wanaokwaruza miti, wanaonguruma usiku kama mtu anayekata mbao kwa msumeno, na ambao hakuna hata mmoja aliyegongwa na gari ya watalii ya Paje. Hicho ndicho kinachonizuia kuamini. Mnyama mmoja anaweza kujificha. Ukoo mzima hauwezi.

Mjomba alinyamaza muda wote. Kisha akasema, "Kama waliisha, waliishaje? Kisiwa kizima?"

Mzee mmoja pale barazani alijibu neno moja. "Kitanzi."

Wengi wa rika langu hawalijui jina hilo, na hili linaniuma kuliko jambo lolote katika kisa hiki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi aliongoza kampeni iliyozunguka Unguja kijiji kwa kijiji. Ilikuwa kampeni ya mambo mawili kwa pamoja: kuwafichua wachawi na kuwamaliza chui. Kwa sababu kwa fikra ya wakati ule lilikuwa jambo moja. Ukimuua chui umemnyang'anya mchawi mkono wake; ukimfichua mchawi umemwacha chui yatima. Wasasi wakapata baraka za wakubwa, na chui akawa mnyama wa kuuawa popote aonekanapo. Kampeni ilikwisha, lakini usasi haukwisha.

Martin Walsh na Helle Goldman, ambao wamekifuatilia kisa cha chui huyu kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, wanaihusisha nguvu ya imani ya ufugaji na ugomvi wa ardhi wa karne iliyopita. Naona wako sawa, na ukikaa barazani kwa mjomba utaona kwa macho. Sensa ya 1967 ilihesabu watu karibu 354,000 Unguja na Pemba kwa pamoja. Ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Watu hao wote wanataka shamba, kuni, chokaa, mkaa. Vichaka vikarudi nyuma, paa wakaliwa na watu, na chui mwenye njaa akasogea kwenye mabanda. Mtu aliyemwona chui mara moja kwa mwaka akaanza kumwona kila mwezi. Akajiuliza kwa nini kwangu, kwa nini si kwa jirani? Na pale alipokumbuka kuwa amegombana na mtu juu ya mpaka wa shamba, jibu likaja lenyewe.

Hapo ndipo ninapoliona kosa letu. Mnyama mwenye njaa unaweza kumhurumia, unaweza kujenga banda imara, unaweza hata kumwachia msitu kidogo. Silaha ya adui huihurumii. Chui wa Unguja aliuawa kama silaha. Ndiyo maana alipokwisha hakuna aliyesikitika, na ndiyo maana wengi bado hawajui kuwa amekwisha, kwa kuwa silaha haifi, hufichwa. Ukisema haonekani, utaambiwa mfugaji kamzuia. Watafiti wenyewe walikutana na watu waliosema wataonesha chui wa kufugwa kwa malipo. Siku ilipofika, chui hakuonekana, na daima palikuwa na sababu.

Nirudi kwa Mzee, maana mbuzi walikuwa wamekufa na yeye alikuwa hai, na maneno yalikuwa yanamzunguka.

Siku ya pili niliwauliza watu wanijulishe, bila kuongeza, wana nini dhidi yake. Yalikuwa mambo matatu. Anatembea usiku wa manane kuelekea pwani akiwa peke yake. Anabeba mfuko unaonuka nyama iliyooza. Na usiku ule wa mbuzi alionekana akipita nyuma ya banda la mjomba.

Niliuliza siku. Mtu mmoja alimwona usiku tuliotoka nje kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Mwingine alimwona akitoka maulidini, mwezi 16, mbalamwezi nyeupe. Na usiku wa mbuzi ulikuwa mwezi pili. Niliziandika tarehe hizo kwenye karatasi, nikazitazama, nikaona aibu kwamba nilihitaji karatasi. Mtoto yeyote wa pwani anajua. Mwandamo na mwezi mpevu ndio bamvua. Maji hujaa sana na hukupwa sana, na kwetu kupwa kwa usiku huangukia baina ya saa nne na saa tano. Mvuvi wa madema wa miguu, asiye na ngalawa, huteremka wakati huo na kurudi baada ya saa sita. Katika maji mafu, yasiyojaa wala kukupwa sana, humwoni, kwa kuwa hana la kufuata. Mfuko unaonuka ni chambo. Na njia ya nyuma ya banda la mjomba ndiyo njia ya pwani. Wote tunaipita.

Haya niliyasema barazani mbele ya sheha, kiongozi wa kijiji, naye alikuwa mtu wa busara, akaongeza lake. Jumapili ya wiki mbili zilizopita walikuja wasasi kutoka kijiji kingine kuwinda nguruwe mwitu, na walipoondoka mbwa wao wawili hawakurudi. Siku ya tatu watoto waliokuwa wakichanja kuni waliwaona mbwa hao kwenye maweni, mmoja mkubwa wa kahawia, mmoja mdogo anayechechemea. Sheha alimpigia mwenye mbwa. Kwanza alikana, kisha akaja kuwafunga kamba. Fidia ya mjomba wanaizungumza mpaka leo.

Nilimtazama mjomba nikitegemea uso wake utafunguka. Alikunja miguu, akafikiri sana, na akasema bila hasira yoyote: "Haya. Mbwa. Sasa nani kawatuma?"

Sikuwa na jibu, na sitajifanya nililipata baadaye. Shimo, nyayo na ngozi vinasema mbuzi waliuawa na nini. Mjomba alikuwa anauliza kwa nini wake, kwa nini usiku ule, kwa nini yule mwenye mimba. Sayansi ninayoisomesha haina somo la hilo. Nilichoweza kumwambia ni kwamba banda la jirani lina msingi wa mawe na lake halina. Alitikisa kichwa kuonesha kuwa amesikia.

Tena limebaki jambo ambalo mimi mwenyewe sijalipatia maelezo, na nitaliandika kwa kuwa kuficha ushahidi unaokusumbua ni uongo. Mke wa mjomba anasema usiku mbili kabla ya tukio alisikia sauti kutoka maweni, mkwaruzo wa kwenda na kurudi, kama mtu akikata mbao. Hajui kuwa chui hunguruma hivyo, sikuwa nimemwambia. Komba hulia kama mtoto mchanga, mbwa sote tunawajua, nguruwe hukoroma kwa namna yake. Huenda alikuwa mtu, kweli, anakata mti usiku kwa kuogopa walinzi wa misitu. Hilo ndilo ninaloliona karibu zaidi. Asubuhi baada ya kuniambia nilikwenda upande ule na kuzunguka mpaka jua likawa kali. Sikukuta kisiki kipya. Sikukuta chochote.

Siku ya nne, kabla ya kupanda gari, nilikwenda kwa Mzee. Nilitaka asikie kutoka kwangu kuwa sheha ameshasema ni mbwa. Alikuwa ameshasikia. Alikuwa amekaa mlangoni anasuka dema jipya, akanisogezea kigoda.

Nilimuuliza kama amewahi kumwona chui. Alisema mara moja, naye hajafika miaka kumi na miwili, wakati wa mambo ya Kitanzi.

"Walimleta kwenye mti, miguu imefungwa, watu wanaimba," alisema. "Mimi nilipenya mpaka mbele. Nilidhani nitaona mnyama kama ng'ombe. Nikaona kitu kama mbwa wa kusasia, mwanangu. Madoa madogo madogo kama ya kanga. Ulimi uko nje."

"Walisema ni wa nani?"

"Waliuliza. Waliuliza sana. Hakuna aliyejibu, watu wakawa wanatazamana." Alivuta ufito, akaupitisha chini, akaukaza. "Palikuwa na mzee mmoja anakaa peke yake, upande wa kisimani. Alfajiri tulikuta mlango wake wazi. Hakurudi tena."

Nilimuuliza kama na yeye amepata kufikiria kuhama.

"Madema yangu yako hapa," alisema, akanipa ncha ya pili ya ufito niishike.